Kitabu Kikuu Hudai Nini?

Wengi hudhani kwamba mwandishi wa kitabu kikuu sharti awe mtu mwenye nafasi na fedha. Sivyo. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa Serikali huko Tanganyika kwa miaka mingi, akianzia Idara ya Forodha mwaka 1926. Mchana ulikuwa wa kazi ya ofisi. Kalamu yake mwenyewe aliishika saa zilizosalia. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vya 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000. Ulipigwa chapa mwaka 1967, naye alikwisha fariki mwaka 1962. Apandaye mnazi hajui kama madafu atayanywa yeye au wajukuu. Hata hivyo hupanda. Mwandishi naye na awe na moyo huo.