Mwalimu akishika msumeno, mwanafunzi hukosa jibu

Nikiwa mlezi wa klabu ya sayansi hapa Kehancha, niliwaundia wanafunzi wawili kikaushio cha mahindi kinachotumia jua. Jaji akawauliza: "Mbona ndani mmepaka rangi nyeusi?" Wakanigeukia mimi. Safari yetu ikaishia kaunti ndogo.

Katika mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za upili, KSEF, mradi mmoja huwa na wanafunzi wasiozidi wawili. Washindi hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda, kisha taifa. Majaji hupima maandishi, maelezo ya mdomo na ubunifu.

Basi wazazi na walimu wenzangu, kazi yetu ni kuuliza maswali. Watoto wenyewe wapime, wakosee, warudie, waandike yote daftarini. Mbele ya jaji watasimama peke yao.