Senti kumi kwa nusu milioni ya dola: soma ung'avu kwanza, kosa baadaye

Mwaka 1975 kiwanda cha sarafu cha San Francisco, Marekani, kiliuza seti zake za sarafu za prufu, yaani zinazogongwa kwa ajili ya wakusanyaji, kwa dola 7 kila moja. Ziliuzwa seti zaidi ya milioni 2.8. Katika lundo lote hilo, ni sarafu mbili tu za senti kumi zinazojulikana kuwa hazina S, herufi ya kiwanda iliyopaswa kukaa juu ya tarakimu za mwaka. Moja ilipigwa mnada Oktoba 2024 kwa dola 506,250.

Hapo ndipo watu hukimbilia kupekua mikebe ya chenji. Wasijisumbue. Mwaka huohuo kiwanda cha Philadelphia kiligonga zaidi ya sarafu milioni 500 za senti kumi za matumizi ya kawaida, na zote hazina herufi, maana wakati ule Philadelphia haikuwa ikitia alama yake kwenye sarafu hizo. Mwaka uleule, sura ileile, S hakuna kotekote. Moja inanunua peremende, nyingine inanunua jumba. Kinachozitenga ni ung'avu.

Prufu haigongwi ili ikanunulie nyanya. Kisahani cha madini husuguliwa, muhuri wa chuma nao husuguliwa hadi uwe kioo, kisha sarafu hugongwa angalau mara mbili kwa nguvu kubwa. Uwanja wake, yaani sehemu tupu inayozunguka picha, unaakisi, na picha mara nyingi huachiwa weupe kama bilauri iliyotoka sasa hivi kwenye friji. Weupe huo hufifia kadiri muhuri unavyozidi kugonga, ndiyo maana sarafu za mwanzo wa muhuri hupata bei nzuri kuliko ndugu zao wa mwisho.

Herufi ilipoteaje? Mihuri ya San Francisco ilikuwa ikitengenezwa Philadelphia, na S ilipigwa kwa mkono, muhuri mmoja mmoja, kabla ya kusafirishwa. Fundi akisahau mmoja, basi. Kuanzia 1985 herufi ya sarafu za prufu iliingizwa kwenye muhuri mama, kila mtu akadhani mambo yamekwisha. Mwaka 1990 senti moja za prufu zikatoka tena bila S: muhuri wa sarafu za kawaida ulikuwa umeng'arishwa na kutumiwa kwa prufu. Katika biashara hii, uzembe wa dakika chache una soko kuliko kazi safi ya mwaka mzima.

Mnunuzi afanye nini? Asimamishe sarafu juu ya gazeti. Kwenye prufu ya kioo, herufi za gazeti huonekana ndani ya uwanja, zimegeuka. Kisha achukue lenzi ya kukuza mara kumi, ailaze sarafu kidogo chini ya taa moja. Akiona mistari myembamba, atazame kama imeinuka au imezama. Iliyoinuka ni nakala ya mikwaruzo iliyokuwa kwenye muhuri wakati wa kusuguliwa. Hukaa uwanjani na kukatikia kwenye ukingo wa picha. Iliyozama imeletwa na kitambaa cha mtu aliyetaka sarafu ipendeze, nayo hupita juu ya shavu la rais bila aibu. Ya kwanza ilizaliwa na sarafu, ya pili inashusha bei papo hapo.

Si kila kigeni ni kosa. Mwaka 2006 Marekani ilitoa sarafu ya fedha ya tai ambayo uwanja wake ni mweupe na picha ndiyo inayoakisi. Ilikusudiwa, kuadhimisha miaka 20 ya sarafu hiyo. Seti ya Uingereza ya 1902, ya kutawazwa kwa Edward VII, ina prufu zisizong'aa kabisa. Sonara akizipiga brashi kwa nia njema, amezimaliza. Madoa meupe kama ya maziwa kwenye sarafu za fedha nayo si kosa la kuuzia, ni kero tu. Ukiambiwa bei kubwa, dai sarafu ipitie kwanza kwa wapimaji kama PCGS au NGC, wanaoifungia kwenye kasha la plastiki.

Tanzania nayo imo. Mwaka 1974 ilitoa sarafu za uhifadhi wa wanyamapori zenye sura ya Mwalimu Nyerere: shilingi 25 ya twiga, shilingi 50 ya kifaru na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Zile mbili za fedha zilitoka kwa namna mbili, ya kawaida na ya prufu, na mjanja anaweza kuing'arisha ya kawaida akakutajia bei ya prufu. Kabla hujatoa pesa, iombe kwa dakika moja uipeleke kwenye mizani ya sonara. Kifaru wa prufu, wa fedha ya asilimia 92.5, ana gramu 35. Wa kawaida, wa fedha ya asilimia 50, ana gramu 31.85, hata ang'arishwe vipi.