INTANETI YA KIJIJI NI KAZI YETU



Intaneti ni njia ya kupitisha habari kati ya kompyuta na kompyuta, au simu na simu. Kwa njia hiyo mkulima wa alizeti anaweza kujua bei ya Dodoma mjini kabla mlanguzi hajabisha hodi. Mwanafunzi anasoma kitabu ambacho shule yake haina. Mganga wa zahanati anamwuliza daktari aliye mbali. Lakini intaneti ikiwa ya polepole, picha haifunguki na fedha ya vocha inakwisha bure.

Kwa nini inachelewa vijijini?

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Habari hupita humo kwa mwanga. Mkongo ni kama bomba kubwa la maji linalopita barabarani. Ukilitazama tu, hunywi. Lazima liwepo bomba dogo la kuleta maji kijijini.

Hilo bomba dogo ndilo tatizo. Kampuni za simu huhesabu wateja kwanza. Nyumba zikiwa mbalimbali, faida ni ndogo, basi hawaji upesi. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili kusaidia sehemu kama hizo. Lakini Mfuko hauwezi kufika kila mahali kwa siku moja. Je, tukae tukingoja?

Mfano wa Kondoa

Kondoa hawakungoja. Tawi la Tanzania la Internet Society na Chuo Kikuu cha Dodoma walishirikiana na watu wa huko kuanzisha mtandao wa jamii. Walitumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Maana yake nini? Picha za televisheni husafiri hewani kwa mawimbi, na kila kituo kina njia yake. Njia nyingine hubaki tupu, hasa vijijini. Intaneti ikapitishwa humo. Mawimbi hayo huenda mbali, na miti na vilima haviyazuii sana. Kondoa ni nchi ya vilima, kwa hiyo yaliwafaa.

Hata Uingereza wapo waliojitegemea. Mwaka 2011 wanavijiji wa Lancashire waliunda shirika lao, B4RN. Walinunua hisa. Wakulima waliruhusu mitaro ipite mashambani bila malipo. Watu wakachimba na kulaza nyaya wenyewe.

Tuanzeje?

1. Tulizungumze jambo hili katika mkutano wa kijiji. Tuanze na shule na zahanati.

2. Tutafute wataalamu, na tuombe kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mawimbi hayatumiwi ovyo.

3. Tuchague mahali pa juu pa kusimamisha mlingoti, penye umeme au nguvu ya jua, na penye ulinzi.

4. Tuchague vijana wa kike na wa kiume wafundishwe ufundi. Fundi wa kutoka mjini ni ghali.

5. Tupange ada, na hesabu isomwe mbele ya watu wote.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Betri huchakaa na radi hupiga. Kijiji kisicho na akiba kitabaki na mlingoti mtupu wa kutulia kunguru. Pampu ngapi za maji zimekufa hivyo hivyo?

Maswali ya mazungumzo

Kijijini kwenu, nani anahitaji intaneti zaidi? Kila kaya inaweza kutoa kiasi gani baada ya mavuno? Nani atashika fedha, na nani atamkagua?

Mkono mmoja haulei mwana.