Kila Umri na Mazoezi Yake: Kutoka Bukoba hadi Muleba

Mji wa Bukoba umekaa kati ya Ziwa Victoria na vilima. Anayetoka sokoni kwenda Ihungo lazima apande. Zamani alipanda kwa miguu na jasho likimtoka. Siku hizi bodaboda humfikisha juu kwa dakika chache, mapigo ya moyo yakiwa vilevile.

Hasara ya mwili kukosa mwendo inajulikana tangu 1953. Mwaka huo daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa nzima, makondakta wakapanda na kushuka ngazi. Ugonjwa wa moyo uliwapata zaidi madereva.

Kwa hiyo anayechagua mazoezi aanze na swali moja: kazi yangu inaunyima mwili wangu nini? Karani wa wilaya jirani ya Muleba na dereva wa bodaboda wanakosa mwendo. Hao wanahitaji kutembea kwa haraka. Mkulima anayelima kibanja chake na kubeba mikungu ya ndizi hana upungufu wa kazi ngumu, ila mgongo wake uliopinda juu ya jembe unadai kunyooshwa. Mvuvi wa kisiwa cha Bumbire huvuta nyavu kwa mikono na kifua, na miguu yake hukaa bure mtumbwini. Akifika nchi kavu, atembee.

Swali la pili ni la umri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Rede, kuruka kamba na mpira wa miguu vinatosha kabisa. Kijana anayeota kuichezea timu ya Kagera Sugar pale uwanja wa Kaitaba anaweza kujenga pumzi kwa kukimbia mlimani.

Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayomwacha aweze kuzungumza lakini si kuimba. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na wanakosea. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30, hivyo mwongozo huo unaongeza mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, au kunyanyua ndoo ya maji: hakuna kinachohitaji ada ya jimu.

Kwa waliofikisha miaka 65, linaongezeka jambo la tatu: mazoezi ya msawazo wa mwili, siku tatu au zaidi kwa wiki. Mzee asimame kwa mguu mmoja akishika ukuta, kisha ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na shirika la tafiti za tiba la Cochrane mwaka 2019 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa takribani asilimia 23. Huko Nshamba, Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee pensheni, wengi wao bibi wanaolea wajukuu. Bibi akivunjika nyonga, nyumba nzima imeanguka.

Mazingira nayo yana masharti. Ziwa linavutia kuogelea, lakini kichocho kipo katika maji ya Ziwa Victoria. Mvua za Bukoba ni nyingi, kwa hiyo kamba ya kurukia barazani ni akiba nzuri. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza, kisha aanze polepole.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Halmashauri za Bukoba na Muleba ziishike siku hiyo kwa dhati, zifungue viwanja, na ziwaalike wazee pamoja na vijana.