Mwandishi na Rungu Lake

Wewe unayeandika, hebu niambie: siku watu wakiamua kukuheshimu, ungependa wakupe nini? Najua wengi tutasema pesa. Wengine cheti, kile cha kutiwa fremu na kuangikwa sebuleni kwa mama.

Sasa skiza. Kule Ukraine, mwandishi anayeheshimiwa anaweza kusimamishwa mbele ya watu akakabidhiwa rungu. Ndiyo, rungu.

Si lile la soja wa geti. Hili linaitwa bulava: fimbo fupi yenye kichwa cha mviringo, na yale ya sherehe hupakwa dhahabu au fedha na kupambwa kwa vito. Lilianza kama silaha ya vita, baadaye likawa alama ya hetmani, jemadari mkuu wa Wakozaki, wale wapiganaji wa nyikani ambao mwaka 1648 waliasi utawala wa Poland wakiongozwa na Bohdan Khmelnytsky. Aliyelishika ndiye mwenye amri. Hata leo rais wa Ukraine akiapishwa hupewa bulava; Zelensky aliliinua juu mwaka 2019 watu wote wakiona.

Sisi Wakenya rungu la mkubwa tunalijua. Tulikuwa na rais ambaye huwezi kumkumbuka bila lake. Lakini Wakozaki walikuwa na mambo yao. Katika kambi ya Zaporizhzhia, mkuu alichaguliwa na baraza la wapiganaji wote. Ukichaguliwa, desturi ilikutaka ukatae. Mara mbili! Ya tatu ndiyo unakubali, kisha wazee wanakuja na kukupaka matope kichwani, ili usijione. Na ukiharibu kazi, baraza lilelile linakuvua cheo. Mheshimiwa gani wa siku hizi angekubali hayo?

Basi rungu la vita lilifikaje kwa mtu wa kalamu?

Mahetmani waliondolewa. Mwaka 1764 Catherine II wa Urusi alifuta cheo hicho, na 1775 jeshi lake likavunja kambi ya Zaporizhzhia. Halafu zamu ya lugha ikafika: amri za 1863 na 1876 zikabana uchapishaji wa vitabu kwa Kiukraine. Huna jemadari, huna serikali, na lugha ya mama yako nayo imepigwa marufuku. Aliyebaki kuwaambia watu wao ni nani alikuwa mwandishi.

Mchukue Taras Shevchenko. Alizaliwa 1814 akiwa mali ya bwana mwenye shamba. Mwaka 1838 marafiki zake walimnunulia uhuru kwa rubo 2,500, pesa zilizopatikana kwa bahati nasibu ya mchoro. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu chake cha mashairi, Kobzar. Mwaka 1847 akakamatwa, akatupwa jeshini mbali huko, na mfalme Nicholas I akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba asiandike wala asichore. Jamaa alishona vijitabu vidogo, akaandika, akavificha kwenye buti. Kama unamkumbuka Ngũgĩ na karatasi za choo kule Kamiti, huyu ni ndugu yake kabisa.

Ukitaka kujua Waukraine wanawaweka wapi watu wa aina hii, angalia noti zao. Khmelnytsky, jemadari mwenyewe, aliwekwa kwenye ya 5. Shevchenko yuko kwenye ya 100. Lesya Ukrainka, mwanamke mshairi, yuko kwenye ya 200. Mimi nilicheka peke yangu nilipoona hiyo.

Nakwambia haya kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na kila nikisema naandika, swali ni lilelile: "Una karatasi gani?" Sina. Cheti hutolewa na ofisi, kikishatoka kimetoka, hata ukilala miaka 30. Rungu la Wakozaki lilitoka kwa watu, na watu walikuwa na haki ya kulidai. Mzee wa kalamu anayelipokea anaambiwa kwamba wamemsikiliza miaka hiyo yote, na bado wanamsikiliza.

Kama ni mimi nimeitwa, ningekataa mara mbili. Ya tatu, leteni matope.