Jua Tunalo, Kazi Iko Usiku

Bariadi, mkoani Simiyu, iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na kuelekea mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi na mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Mwanga haujawahi kuutupa mkono mkoa huo. Si ajabu kwamba Kishapu, wilaya jirani ya mkoa wa Shinyanga, ndiko ulikopelekwa mradi wa umeme wa jua uliopangwa kufikia megawati 150.

Ndani ya paneli kuna vipande vyembamba vya silikoni. Mwanga ukivipiga, elektroni hung'oka kwenye atomi. Na kwa kuwa kila kipande kina tabaka mbili zenye tabia tofauti, elektroni hizo husukumwa kuelekea upande mmoja. Mwendo huo ndio umeme. Kipande cha silikoni kilichoonyeshwa na Maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1954 kiligeuza takriban asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Paneli za siku hizi hufika asilimia 20.

Kinachotakiwa ni mwanga, wala si joto. Paneli ikipata moto kupita nyuzi 25 za Selsiasi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huipunguzia nguvu kwa karibu asilimia 4, na bati la mchana wa kiangazi linaunguza. Kwa hiyo fundi aiinue paneli juu ya bati, hewa ipite chini yake, na aiinamishe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Miezi isiyo na mvua, katika nchi ya ng'ombe na mashamba ya pamba, vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Lakini sola ya nyumbani huishi au hufa kwa betri. Chukua paneli ya wati 100. Kwa siku yenye jua la kutosha, sawa na saa 5 za jua kali, inatoa wati-saa 500. Ukiondoa upotevu wa joto, nyaya na betri, zinabaki kama 350. Sasa hesabu usiku wako: taa 5 za wati 5 kwa saa 5 ni 125. Runinga ndogo ya wati 20 kwa saa 4 ni 80. Redio na simu tatu, tuseme 60. Jumla 265. Inatosha, na ziada kidogo ipo kwa ajili ya siku ya mawingu. Pasi ya wati 1,000 ingemaliza zote 350 kwa dakika ishirini na kitu.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, ila ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua mapema. Za lithiamu huvumilia zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi. Paneli nzuri hudumu miaka 25. Betri ya risasi inayonyonywa kila usiku hadi taa zizimike haifiki popote karibu na hapo, na mwenye nyumba hurudi kwenye koroboi akiamini kwamba sola ni ulaghai. Inauma, kwa sababu watoto wanarudia kusoma kwenye moshi wa mafuta ya taa huku paneli nzima ikiwa juu ya paa. Mkulima anayenunua kwa fedha za pamba afanye hesabu ya usiku kwanza, achague betri, ndipo achague paneli, na asikubali kufungiwa mtambo usio na kidhibiti chaji, kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi. Vidhibiti vingi pia hukata umeme kabla betri haijaisha kabisa.

Betri iliyokufa isipasuliwe uani. Ina tindikali inayounguza na risasi inayoharibu ubongo wa mtoto. Ihifadhiwe ikiwa wima, mbali na kisima, mpaka ipate mnunuzi wa betri chakavu atakayeipeleka kiwandani.