Kikundi Kisichomtegemea Mtu Mmoja: Somo Kutoka Meru na Embu

Leo tuzungumze jambo linalotuumiza wengi huku pwani: vikundi vyetu huzaliwa kwa vigelegele, kisha hufa kimyakimya.

Mimi mwenyewe nimo katika hesabu hiyo. Miaka ya nyuma tulikuwa vijana saba mtaani, tukachanga kuwalipia karo watoto mayatima. Nilikuwa katibu. Siku mfadhili alipokuja akaomba kuona kumbukumbu za mikutano na hesabu ya pesa, sikuwa na hata ukurasa mmoja. Hakuna aliyeiba, wallahi. Lakini hatukuwa na cha kuonyesha, na mfadhili akaenda zake. Watoto wawili wakakaa nyumbani muhula mzima. Kosa lile lilikuwa langu.

Ndiyo maana nilipopanda bara, nikapita Embu mpaka Meru, nilitaka kujua vikundi vya wakulima kule vinadumu vipi. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kati ya mashamba ya kahawa na majani chai, kuna vikundi vingi vya upanzi wa miti vilivyo chini ya mpango uitwao TIST. Mpango huo ulianza Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999, ukaingia Kenya 2004. Wakulima hupanda miti katika mashamba yao wenyewe, miti huhesabiwa, na hewa ya kaboni inayohifadhiwa huuzwa ng'ambo. Kwa mkataba wao, asilimia 70 ya faida hurudi kwa wakulima.

TIST wenyewe ni mpango mkubwa, lakini umesimama juu ya vikundi vidogo vya watu 6 hadi 12. Hapo ndipo penye somo.

La kwanza ni uongozi wa zamu. Kila kikundi kina kiongozi, msaidizi wake, na mtu wa kuhakikisha hesabu na makubaliano yanafuatwa. Zamu ikiisha, msaidizi hushika uongozi na mwingine huingia nyuma yake. Hakuna mwenyekiti wa maisha. Kila mtu, hata mama asiyezoea kusema mbele za watu, hujifunza kuendesha mkutano. Mmoja akihama au akifariki, kikundi hakizikwi naye.

La pili wanaliita kwa Kiswahili chetu: kujengana. Mwisho wa mkutano kila mwanachama humtajia kiongozi wa siku hiyo jambo moja jema alilolifanya. Si sifa za kupaka mafuta; lazima liwe jambo mahususi, kwa mfano, "umetupa sote nafasi ya kusema." Nikajiuliza, sisi mikutano yetu humalizika vipi? Aghalabu kwa watu wawili kununiana.

La tatu ni kuandika. Nani kapanda miti mingapi, nani kahudhuria, nini kimekubaliwa: yote yamo kitabuni. Na hili halifai kutushangaza sisi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kumwomba mweka hazina atoe kitabu si kumtuhumu. Ni kumlinda yeye na amana aliyoibeba.

Sasa, ukitaka kuanza, fuata njia hii. Kwanza kubalianeni jambo moja mtakalofanya, si kumi. Tafuteni wanachama, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kwa kawaida inataka watu wasiopungua 10. Sisi saba tusingefika hata mlangoni. Andikeni katiba fupi: lengo, viongozi na muda wao, mchango, na mali itakwenda wapi kikundi kikivunjika. Fanyeni mkutano wa kuwachagua viongozi na muandike kumbukumbu zake. Chukueni katiba, kumbukumbu hizo na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho, mwende ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu.

Mkipata cheti, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Msiache mchango ukae katika simu ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani. Kila shilingi inayotoka iwe na risiti, na hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wote.

Mkikua na kutaka kufanya kazi zaidi ya eneo lenu au kupokea misaada mikubwa, kuna ngazi ya juu: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024, na kuchukua nafasi ya ile ya mashirika yasiyo ya serikali ya 1990. Lakini msiikimbilie. Ngazi hiyo ina ripoti za kila mwaka na gharama zake. Asiyeweza kutunza daftari la watu kumi hataweza kutunza la shirika.

Wala tusiseme haya ni ya watu wa bara. Gazi, kule Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanatunza mikoko na kuuza kaboni yake tangu 2013, na mapato yamesaidia maji na shule. Nao ni watu wa pwani kama sisi, wanaoswali na kuvua kama sisi.

Mimi nimeshanunua daftari jipya. Wenzangu wa zamani nimewapigia simu, na tunatafuta watatu wa kutimiza kumi. Safari hii katibu atakuwa wa zamu.

Wabillahi tawfiq.